Mahakama ya kaunti ya Marekani si chumba cha kesi tu

Nimesoma mara nyingi mno kwamba kila kaunti ya Marekani ina "mahakama yake", kisha msomaji wa Kenya anaulizwa kwa nini kaunti zetu 47 hazina. Ulinganisho huo haukai sawa. Kwetu, chini ya Katiba ya 2010, mahakama zote ni za Idara ya Mahakama ya taifa, na gavana hana lake humo. Mahakama ya kaunti inayotajwa kule (kwa Kiingereza courthouse) kwanza ni jengo, tena jengo lililojengwa kuwa makao ya serikali ya kaunti: hati za ardhi, kodi, leseni za ndoa, mikutano ya bajeti, na kesi pia.

Texas ndiko mkanganyiko unakozidi. Jimbo hilo lina kaunti 254, na chombo kinachoamua bajeti na barabara za kaunti kinaitwa mahakama ya makamishna (commissioners court). Wamo makamishna wanne wa kuchaguliwa, na mwenyekiti wao ni jaji wa kaunti, naye huchaguliwa kwa kura wala si lazima awe mwanasheria. Katika kaunti ndogo jaji huyo bado husikiliza baadhi ya kesi, lakini kikao chenyewe ni cha utawala. Mwandishi anayeripoti kwamba "mahakama imeidhinisha lami" anawapotosha wasomaji wake bila kujua.

Tazama jengo la Kaunti ya Ellis, mjini Waxahachie, lililokamilika 1897 wakati pamba ilipokuwa ikileta fedha nyingi huko. Msanifu wake, James Riely Gordon, alifuata mtindo wa msanifu Mmarekani Henry Hobson Richardson: kuta nene za mawe, matao mazito ya nusu duara, mnara wenye saa. Mchanga-mawe mwekundu umepangwa pamoja na matale (graniti) ya waridi na ya kijivu, hata kuta zina mistari. Kwenye vichwa vya nguzo za baraza zimechongwa nyuso za watu, nyingine nzuri, nyingine za kutisha. Wenyeji husimulia kwamba mchongaji alikataliwa na binti aliyempenda, ndipo uso wa binti huyo aliokuwa akiuchonga ukazidi kuharibika nguzo hadi nguzo. Mimi huvutiwa zaidi na mahali jengo lilipo. Liko katikati ya uwanja, barabara zinalizunguka pande zote nne, na maduka yanalitazama. Mkulima aliyekuja kulipa kodi au kusajili shamba alipita hapo hapo kununua mahitaji yake, na ndiyo maana miji ilishindana vikali kuwa makao ya kaunti.

Basi ndugu yako aliyeko Texas akikwambia kesho asubuhi anakwenda mahakama ya kaunti, usianze kumtafutia wakili. Muulize kwanza anakwenda ofisi gani. Huenda ni ya karani, kuchukua leseni ya ndoa.