Digrii ya biashara, bahasha ya kaki na mshahara wa laki sita

Msimu wa wahitimu wanaotafuta kazi ni Novemba na Desemba, mahafali yakishapita. "Shikamoo mama." Marahaba, mwanangu. Bahasha ya kaki inatua mezani: cheti, wasifu wa kurasa nne, na barua inayoanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Ofisi yangu ya uhasibu iko Ngamiani, Tanga, tuko watatu na viti vinne, nafasi sina. Hata hivyo simwachi mtu aondoke kabla sijamuuliza swali langu: mlinzi wa geti analipwa laki sita kwa mwezi, mkononi anapata ngapi?

Wengi hutoa simu, wakatafuta jedwali la kodi, wakapiga hesabu juu ya 600,000 yote na kuniambia kodi ni 36,000. Wamekosea. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unatoka kwanza, asilimia 10 ya mfanyakazi, yaani 60,000. Kodi inapigwa kwenye 540,000 iliyobaki. Kwa viwango ninavyotumia ninapoandika haya ni 20,000 ukijumlisha asilimia 20 ya kilichozidi 520,000, jumla 24,000. Mkononi 516,000. Ukienda na ile 36,000, umemkata mlinzi wa geti 12,000 isiyodaiwa na mtu, na huyo mlinzi hasahau. Bado mwajiri ana asilimia 10 yake ya NSSF, na akiwa na wafanyakazi 10 au zaidi kuna tozo ya ufundi stadi. Kodi ya mishahara mwisho tarehe 7, VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, tarehe 20.

Chuoni mmesoma mikakati na uongozi, na siyabezi. Ila mji huu humlipa mgeni kwa karatasi moja anayoweza kuimaliza bila kosa. Hivyo anayeniuliza njia za kazi namrudishia swali: wewe karatasi yako ni ipi?

Kwa Tanga ya sasa, ningekuwa na miaka 23 ningechagua karatasi za forodha. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari na kuvutwa hadi nchi kavu, ukabebwa mara mbili kabla haujaona lori. Ukaja mradi wa bandari wa shilingi bilioni 429.1: kina kikatoka mita 3 hadi 13, na kwenye gati zenye urefu wa mita 450 sasa meli zinaegesha zenyewe. Kijana akisikia hayo anawaza kuwa afisa wa bandari. Mimi nawaza kila kontena lina faili, na faili lina mtu. Mtu huyo anaoanisha ankara na hati ya meli, anatafuta namba ya uainishaji wa bidhaa, anajumlisha bei, bima na nauli ya meli ili kupata thamani ya kutozwa ushuru. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye thamani hiyo peke yake, inapigwa ushuru ukishaongezwa juu yake. Namba ikikosewa, mzigo unakaa, na kila siku ya kukaa ina bei yake. Kuwasilisha nyaraka ni kazi ya wakala mwenye leseni ya TRA, mamlaka ya mapato, kwa hiyo anza kama karani kwa wakala, kisha usome kile cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki. Miezi sita ya kubeba mafaili naipa uzito kuliko shahada ya uzamili iliyosomwa kwa kukosa la kufanya.

Mimi sikuanzia huko. Niliisubiri benki moja miezi kumi na moja, hadi mjomba alipochoka kuniona kibarazani akanipeleka kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, Muheza. Kazi ilikuwa daftari: lita za asubuhi, lita za jioni, makato ya pumba na dawa za ng'ombe, malipo ya mwisho wa mwezi. Bibi mmoja asiyejua kusoma alikuwa akichora mistari ya mkaa mlangoni kwake, mstari kwa lita. Mwezi wa pili tulitofautiana lita tisa. Tukakagua, mkaa ulikuwa sahihi, leja yangu ndiyo ilikuwa na siku zilizoandikwa mara moja badala ya mbili. Vyama vya ushirika, vya maziwa, vya mkonge, SACCOS za walimu, vyote vinahitaji mtu wa kufunga hesabu kabla mkaguzi hajafika. Mshahara ni mdogo, lakini unashika vitabu vyote peke yako, jambo ambalo kampuni kubwa haikupi mwaka wa kwanza.

Ununuzi na ugavi una bodi yake, PSPTB, na kazi haifanyiki bila kusajiliwa. Wenye maduka wengi hapa wanauogopa NeST, mfumo wa zabuni za serikali wa mtandaoni. Ukiujua vizuri, utawakuta wakikusubiri. Masoko na rasilimali watu, niseme tu ukweli, hapa Tanga mara nyingi ni kofia ya pili ya mtu aliyeajiriwa kwa kazi nyingine.

Na wa fedha msidhani kila kitu ni Dar. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12. Ajira hazikumwagika mtaani kwa sababu hiyo, ila ni vyema mjue bomba la maji nalo lina mwekezaji anayesubiri riba yake.

Wahasibu, mitihani ya NBAA, bodi yetu, ni Mei na Novemba. Mwenye digrii ya uhasibu haanzii ngazi ya chini kabisa, basi usiahirishe hadi uolewe au ujenge. Nimeahirisha mimi, nikawa nasoma na mtoto mgongoni.

Ukija kwangu, punguza wasifu uwe kurasa mbili na usihusike na kichwa cha habari chochote. Njoo kabla ya tarehe 5. Kuanzia hapo hadi tarehe 7 sisikii la mtu.