Kalsiamu ya dukani na mifupa ya aliyepandikizwa figo

Mwezi uliopita mama mmoja, miezi mitano tangu apandikizwe figo, aliniwekea mezani kopo la kalsiamu lililobaki vidonge vichache. "Daktari, magoti yananiuma, nikajua kalsiamu imeniishia. Nameza viwili kila nikila, kama wakati ule wa dayalisisi, ya kusafishwa damu." Ana kiu isiyokatika, choo kigumu, usiku anaamka mara nne kwenda haja ndogo. Kreatinini, taka ya damu inayopanda figo ikichuja vibaya, imepanda, naye hapati usingizi akiamini figo inakataliwa. Kumpima kalsiamu: milimoli 2.9 kwa lita, wakati kawaida haivuki 2.6 hivi.

Nimechoka kuisikia hoja hii: mifupa ikiuma, kalsiamu imepungua, kanunue. Kwa aliyepandikizwa figo, mara nyingi mambo ni kinyume kabisa.

Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna tezi nne za parathairoidi, kila moja kama punje ya mchele. Miaka yote figo zilipokuwa zimeshindwa, tezi hizo zilifanya kazi kupita kiasi, zikanenepa. Figo mpya ikianza kazi leo, zenyewe hazitulii kesho. Huendelea kutoa homoni kwa miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka, na homoni hiyo huchota kalsiamu mifupani na kuimimina kwenye damu. Ndiyo maana damu inaweza kujaa kalsiamu huku mfupa unadhoofika. Ukiongeza ya dukani, unaipeleka kwenye damu iliyokwisha kujaa: mwili unapoteza maji, figo inabanwa, na kalsiamu huweza kuganda ndani ya figo yenyewe.

Na vile vidonge vya dayalisisi havikuwa vya kujenga mifupa! Tulivitoa vimezwe na chakula ili vinase fosfeti, madini yaliyomo kwenye chakula, tumboni isiingie kwenye damu. Baada ya kupandikizwa, fosfeti kwa wengi hushuka, kwa kuwa figo mpya huitoa kwa wingi kwenye mkojo. Ukiendelea navyo unaishusha zaidi, na fosfeti ikiwa chini sana misuli hulegea na mfupa hukosa madini.

Sikatai kalsiamu. Wapo ninaowaandikia, lakini baada ya kuona vipimo vya kalsiamu, fosfeti, homoni ya parathairoidi na vitamini D. Yule mama aliacha vidonge, tukamwongezea maji, na baada ya siku kumi kreatinini ilirudi ilipokuwa. Tangu hapo kila anayekuja namwambia alete dawa zote anazomeza kwenye mfuko mmoja, hata za kuazimwa kwa jirani. Orodha ya kichwani siiamini tena.

Wagonjwa huniambia na mengine. "Maziwa na dagaa bado ni mwiko." Hapana. Hayo yalikuwa masharti ya dayalisisi. Kama fosfeti iko chini, dagaa wa kutafunwa na mifupa yake ni chakula kizuri kwako. Kwenye maharage nitaangalia kwanza potasiamu, maana takrolimasi, dawa ya kuzuia figo isikataliwe, huipandisha.

"Supu ya kongoro itajenga mifupa." Ni tamu, ila kalsiamu yake ni kidogo mno, na chumvi inayotiwa humo inapandisha presha.

"Prednisoloni inakula mifupa, kwa hiyo nimeiacha." Prednisoloni ni steroidi inayozuia figo isikataliwe. Nusu ya kwanza ni kweli, na mfupa hupotea zaidi katika miezi 6 hadi 12 ya mwanzo. Ndiyo sababu tunaipunguza hatua kwa hatua, wengi wakabaki na miligramu 5 kwa siku. Kuiacha mwenyewe ni kuiweka rehani figo ambayo ndugu yako alipasuliwa ili akupe. Ukitaka kuilinda mifupa, tembea nusu saa kila siku na uzibe hilo shimo la bafuni kabla hujajikwaa.

Kuna na hili: "Nyonga inauma, ni baridi tu, nachoma diklofenaki." Maumivu ya nyonga au kinena yanayozidi ukikanyaga yanaweza kuwa kichwa cha mfupa wa paja kimekosa damu, madhara ya prednisoloni tunayoyajua vizuri. Eksirei ya mwanzoni inaweza kuonekana safi. Kipimo cha MRI ndicho hukiona mapema. Diklofenaki nayo huipiga figo, hasa ukiwa kwenye takrolimasi. Meza parasetamoli, pumzisha mguu huo, uje wiki hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.