Hina na Piko: Maswali Yanayoulizwa Lamu Msimu wa Harusi

Msimu wa harusi na sikukuu za Iddi unapokaribia, wapambaji wa Lamu hukosa nafasi ya kupumzika, na maswali kuhusu usalama wa hina huongezeka. Majibu yafuatayo yamekusudiwa bibi harusi, mpambaji, mzazi, na hata mgeni anayechorwa mkono ufukweni Shela bila kujua kilichomo ndani ya koni ya kuchorea.

Hina ni nini, na rangi yake inatoka wapi?

Hina ni unga wa majani ya mhina, mmea ambao wataalamu huuita Lawsonia inermis. Majani hayo yana kemikali ya rangi iitwayo lausoni, ambayo hushikamana na protini ya tabaka la juu la ngozi, yaani zile seli zilizokwisha kufa. Hina inapobanduliwa huacha rangi ya chungwa, kisha rangi hiyo hukolea na kuwa nyekundu ya kahawia kwa muda wa siku 2 hivi, na hufifia kwa wiki 1 hadi 3 kadiri ngozi inavyojibadilisha. Viganja na nyayo hukolea zaidi kwa sababu ngozi yake ni nene. Mpambaji asilaumiwe kwa maua ya mgongo wa mkono kuwa hafifu.

Mbona piko hukolea weusi ndani ya muda mfupi tu?

Kwa sababu weusi huo hautokani na mhina. Piko inayochorwa mwilini ni rangi ya kutia nywele weusi, na kiungo chake kikuu kwa kawaida ni parafenilenediamini, inayojulikana kwa kifupi kama PPD. Wengine huichanganya na hina ili ikolee upesi, wengine huitumia peke yake kuzungushia maua mekundu mistari myeusi, na mchanganyiko huo huuzwa kwa jina la hina nyeusi ingawa mhina hautoi rangi nyeusi. Sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu PPD katika rangi za nywele pekee, isiyozidi 2% inapofika kichwani, wala haziruhusu ipakwe kwenye ngozi. Ilhali michanganyiko ya hina nyeusi iliyopimwa katika nchi mbalimbali imewahi kukutwa na zaidi ya 10%. Kwenye nywele rangi hukaa dakika chache kisha huoshwa, lakini kwenye mkono huachwa ikauke juu ya ngozi yenyewe.

Madhara yake ni mzio wa ngozi: mwasho mkali, uvimbe na malengelenge yanayofuata mistari ya ua kama vile yamechorwa kwa kalamu. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuwa na mzio wa PPD huanza kuumwa kati ya siku 1 na 3, lakini anayeipata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 2 au zaidi kabla ya dalili kutokea, na kwa hiyo wengi hulaumu sabuni au samaki waliokula jana. Ngozi ikipona inaweza kubaki na kovu au baka jeupe.

Nimepaka piko tangu usichana wangu na sijadhurika. Kuna haja ya kuogopa?

Ipo. Mzio huu unaweza kuanza baada ya miaka mingi ya matumizi, na ukishaanza kwa kawaida hauondoki maishani. Aliyewahi kutokwa na malengelenge kwa piko asitie tena rangi ya nywele yenye PPD, kwani uso na kope vinaweza kuvimba vibaya, na amweleze daktari wake, maana baadhi ya dawa za ganzi zina undugu na kemikali hiyo.

Je, mtoto mchanga anaweza kupakwa hina?

Asipakwe, hata ikiwa ni hina halisi. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao mtu huzaliwa nao, hupatikana sana katika sehemu zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, pwani yetu ikiwemo, na wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anao. Lausoni ikipenya ngozi laini ya mtoto wa namna hiyo inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto aliyepakwa kisha akawa na macho ya manjano, mkojo mweusi au unyonge apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Malengelenge yamekwisha kutoka. Nifanye nini?

Osha kwa maji mengi na sabuni isiyo kali, usitumbue malengelenge, na usisugue kwa ndimu wala dawa ya kufulia nguo kwa kutaka kuiondoa rangi. Nenda kituo cha afya upewe dawa inayofaa. Uso au koo likivimba, au pumzi ikibana, hiyo ni dharura isiyongoja asubuhi.

Nawezaje kupata hina iliyokolea bila piko?

Nunua unga wa majani ambao muuzaji anaweza kukueleza asili yake, kisha uchanganye mwenyewe kwa maji, chai ya rangi au ndimu kidogo. Koni iliyokwisha kutiwa hina ikinuka petroli, mafuta ya taa au thina, au muuzaji akiahidi weusi ndani ya saa moja, iache dukani. Jaribu kidogo kwenye kiwiko kwa ndani na usubiri siku 2. Jaribio hilo ni la hina peke yake, si la piko, kwani hata tone dogo la piko linaweza kuuanzisha mzio. Acha hina mwilini saa 6 au usiku kucha, ibandue ikiwa kavu badala ya kuiosha, na epuka maji kadiri uwezavyo siku ya kwanza. Bibi harusi wa Ijumaa apakwe Jumatano usiku, ili rangi iwe imekolea siku ya kutolewa nje, yaani kuonyeshwa kwa wageni.