Kwa nini vyombo vya muziki vinapishana sauti giza likiingia?

Chukua jioni ya muziki wa bure bustanini hapa Arusha, ile ya mchanganyiko: vaiolini za klasiki, zeze na irimba (ile ya vijiti vya chuma) za Wagogo, matarumbeta ya usharika, ngoma. Saa kumi na moja wametyuni vizuri kabisa, kufika saa mbili usiku kuna kitu hakikai sawa, na watu wameshaanza kumlaumu fundi mitambo. Fundi hana kosa. Ni baridi.

Ila hapo kwenye baridi ndipo wengi wanapopotea, maana jibu la haraka utakalosikia ni kwamba baridi inashusha sauti ya kila chombo. Sio kweli. Inashusha baadhi na kupandisha vingine kwa wakati mmoja, jukwaa hilohilo. Wengine wanasema ni sababu tuko juu, mita 1,400 hivi, hewa nyepesi. Hewa yetu kweli ina mgandamizo pungufu kama asilimia 15 kuliko Dar, lakini mgandamizo ukipungua na uzito wa hewa unapungua kwa kiasi kilekile, vinafutana, mwendo wa sauti unabaki palepale. Kinachobadilisha mwendo ni joto.

Halafu kuna hoja ya tatu ambayo inaonekana ya kisomi kabisa: chuma kikipoa kinasinyaa, bomba la tarumbeta linakuwa fupi, bomba fupi lina sauti ya juu, kwa hiyo tarumbeta ipande. Kila hatua ya hoja hiyo ni sahihi na bado jibu limekosewa, kwa sababu shaba ikipoa nyuzi joto 10 inafupika kama sehemu mbili tu kati ya elfu kumi. Hewa iliyo ndani ya bomba inafanya kazi kubwa zaidi, karibu mara tisini, na inavutia upande wa pili.

Fikiria daladala ya Kwa Mrombo. Njia ni ileile, vituo vilevile, ila siku ya foleni gari linaenda taratibu, kwa hiyo trip za siku zinapungua, hata kama barabara haijaongezeka mita moja. Ndani ya tarumbeta msukumo wa hewa unakimbia kwenda na kurudi hivyohivyo, na idadi ya trip kwa sekunde ndiyo sauti unayosikia, trip nyingi sauti ya juu, trip chache sauti ya chini. Sasa hewa ya nyuzi 23 inapitisha sauti mita 345 hivi kwa sekunde, ikishuka hadi 13, mambo ya Julai haya, inabaki 339. Barabara ileile, gari limepunguza mwendo. Noti ya kutyunia, ile La ya mara 440 kwa sekunde, inaangukia kwenye 432. Ukiipiga pamoja na 440 ya kweli unasikia sauti inayumbayumba, inavimba na kunywea kama mara nane kwa sekunde, na hapo hata asiyejua muziki anakunja uso.

Hesabu hiyo ni ya chombo kilichopoa kabisa, kimeachwa kwenye kiti. Mpigaji akishaanza, pumzi yake inapasha bomba na sauti inarudi juu kiasi, ndio maana utawaona wa matarumbeta wakipuliza pumzi tu kimyakimya kabla ya zamu yao.

Vyombo vya nyuzi sasa. Hapa hewa haihusiki kabisa, ni waya wenyewe: chuma kinasinyaa kuliko mbao iliyokishikilia, waya unakazwa, sauti inapanda. Inapanda kiasi gani inategemea aina ya uzi, na mbao nayo ina tabia zake unyevu ukibadilika, kwa hiyo sitaweka namba moja ya vyombo vyote. Lakini angalia mikono yao katikati ya nyimbo mbili: mwenye tarumbeta anasukuma kile kimrija cha kutyunia kiingie ndani, apandishe, wakati mwenye gitaa anakilegeza kigingi, ashushe. Tatizo moja, dawa mbili zinazopingana!

Ngoma ya ngozi ina njia yake. Umande ukianza ngozi inanyonya unyevu, inalegea, mlio unakuwa mzito na butu. Wazee walishalimaliza hili zamani kwa kuiotesha ngoma moto, na mpaka leo hakuna dawa iliyo bora.

Anayenifurahisha kuliko wote ni irimba, ile ya vijiti vya chuma ambayo Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliipeleka mpaka majukwaa ya Ulaya. Kijiti cha chuma hakitegemei hewa wala hakikazwi na mbao, kinategemea ugumu wake chenyewe, na ugumu huo unabadilika kidogo sana, nyuzi 10 zikishuka sauti inapanda kama sehemu moja ya elfu, sikio halijui. Kwa hiyo kwenye jioni ya baridi chombo cha Mgogo kinastahili kufuatwa na vaiolini, sio kinyume chake. Shida ni kwamba ngazi ya sauti za Wagogo haipangwi kama ya piano, basi wakubaliane noti moja tu ya pamoja, waitafute hiyo kwanza kabla ya kila wimbo.