Geuza Ukurasa wa Jina Kwanza

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Iringa ikiwa bado haijaachia vidole, kijana mmoja muongoza watalii alikuja kwenye meza yangu ya vitabu vya mitumba amekumbatia bahasha. "Kamwene, mwalimu!" Nikaitikia. Akachomoa kitabu chenye jalada la kung'aa, akakiweka mbele yangu kama mtu anayetua mtoto mchanga.

"Nimekiagiza mtandaoni, kimenitoka laki na ushee. Utafiti mpya kabisa kuhusu Mkwawa. Ona, 2015."

Nilifanya lile ninalofanya kwa kila kitabu kinachopita mikononi mwangu: nikafungua ukurasa wa jina, kisha nikageuza nyuma yake. Palikuwa patupu. Nikaendelea kufunua. Kijerumani mwanzo hadi mwisho, wino umefifia, na kwenye ukurasa mmoja, pembeni, kidole cha mtu. Ni kidole cha yule aliyekuwa akibana kitabu kwenye mashine ya kuskani. Kilikuwa ni kitabu cha kumbukumbu za Tom von Prince, afisa wa jeshi la Wajerumani, kilichotoka Berlin mwaka 1914. Tena jina lake lenyewe linasema kinahusu miaka yake ya uluteni, 1890 hadi 1895. Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alijiua tarehe 19 Julai 1898. Kijana wangu alikuwa amenunua "utafiti mpya" ambao umefunga duka miaka mitatu kabla ya kifo alichotaka kuwasimulia wageni.

Sikumcheka. Nilifundisha historia miaka mingi, na makosa kama hayo nimeyafanya mwenyewe, mengine mbele ya darasa. Yafuatayo ndiyo ninayoyasikia mezani pangu karibu kila wiki.

"Mwaka ulioandikwa ndio umri wa kitabu"

Sivyo. Huo mara nyingi ni umri wa karatasi. Tunachanganya maneno mawili, chapa na toleo. Chapa mpya ni maneno yale yale yamerudishwa mtamboni. Toleo jipya ni mwandishi au mhariri amekaa tena na kazi, akasahihisha, akaongeza, akapunguza. Kitabu kinachofuata ustaarabu kitakuambia nyuma ya ukurasa wa jina: toleo la kwanza mwaka fulani, chapa ya pili mwaka fulani. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mara ya kwanza mwaka 1951. Mwanafunzi akiniambia imeandikwa mwaka ule anaouona kwenye nakala yake, najua mara moja kwamba hakugeuza ukurasa, na anakwenda kuisoma kana kwamba mwandishi alikuwa akiishi katika Tanzania huru.

Nyuma ya ukurasa huo pakiwa patupu, namba ya ISBN, ile inayotambulisha kila kitabu, inasaidia. Tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13, na nyingi zinaanza na 978. Kabla ya hapo zilikuwa 10, na vitabu vya zama za ukoloni wa Mjerumani havikuwa na namba hiyo kabisa. Ukiona tarakimu 13 juu ya kumbukumbu za mwanajeshi wa Kaisari, ujue ni mtungi mpya, maji ya zamani. Baada ya 978 zikifuata 9976 au 9987, mchapishaji amesajiliwa Tanzania.

Hata jina la mwandishi huweza kukutajia umri. Mke wa Prince, Magdalene, naye aliandika kitabu kuhusu maisha yake huku, na kilitoka mwaka 1903. Wakati huo walikuwa Prince tu. Hilo "von" lilikuja baadaye, mume alipopewa daraja la kiungwana. Kwa hiyo chapa za mwanzo zina Magdalene Prince, za baadaye Magdalene von Prince, na nimewahi kuona orodha ya mwanafunzi inayowahesabu kama wanawake wawili.

"Kitabu kilichochapwa upya ni cha wizi"

Hapa watu wanaogopa pasipo sababu, halafu penye sababu wanapita wakipiga mluzi. Hakimiliki ina mwisho. Mkataba wa Berne unaweka kiwango cha chini: uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ujerumani wanakwenda hadi 70. Tom von Prince aliuawa Novemba 1914 katika mapigano ya Tanga, kwa hiyo kitabu chake leo anaweza kukichapa yeyote mwenye mashine. Wanaofanya hivyo hawavunji sheria. Ila sheria inayowaruhusu kuchapa haiwalazimishi kuchapa vizuri. Wengi wanachukua picha za kurasa zilizoko mtandaoni, wanaweka jalada, na kitabu kinachapwa siku unapokiagiza. Ramani ya kukunjua hupigwa picha ikiwa imekunjwa vile vile, na nusu ya nchi inamezwa na mkunjo. Wengine huacha kompyuta isome herufi, na herufi za kale za Kijerumani zina s ndefu inayofanana sana na f, basi maneno yanatoka vichekesho.

Wizi hasa ni ule wa steshenari: kitabu cha mwalimu ambaye yu hai na anadai mrabaha wake, kimepigwa fotokopi chote, kimefungwa kwa waya wa plastiki, kinauzwa elfu sita. Hicho hakuna anayekiuliza swali.

"Kama ni cha kitaaluma, kimemaliza ubishi"

Kwa kawaida ndicho kinachouanzisha. Kinachokitofautisha na vijitabu vya watalii ni kwamba kinakuonyesha kilikopata habari, ili ukitaka kubisha ujue pa kushika.

Chukua neno Iringa lenyewe. Wanafunzi wananiambia Wajerumani waliuteka mji wetu mwaka 1894, "kitabu kimesema." Kitabu kimesema kweli, ila Iringa ya kitabu si hii yenye Soko Kuu na jiwe la Gangilonga. Ngome iliyovunjwa tarehe 30 Oktoba 1894 ilikuwa Kalenga, kama kilomita 15 kutoka hapa. Mji huu wa mlimani Wajerumani waliuanzisha mwaka 1896, na jina likahama nao. Maandishi yao ya zamani yanasema Iringa, au Kuirenga, wakimaanisha Kalenga. Chapa ya kuskani haitakuambia hayo. Toleo lililohaririwa litakuwekea tanbihi, yaani maelezo ya chini ya ukurasa, ya mstari mmoja, na mstari huo peke yake unaizidi bei ya kitabu.

Halafu kuna fuvu la Mkwawa. Ukienda Kalenga utalikuta kwenye makumbusho, ndani ya kioo, na habari inayosimuliwa ni fupi: lilichukuliwa, likarudishwa. Fungua vitabu vya wanahistoria uone ilivyo ndefu. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Kifungu hicho hicho, sentensi ya jirani yake, kinadai irudishwe Kurani ya Khalifa Othman iliyotolewa Madina. Sijui ni karani gani aliyevipanga vitu hivyo viwili kwenye rafu moja. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyekwenda kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu mengi sana, na akachagua kwa kupima: vipimo vya kichwa vinavyokaribiana na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, pamoja na tundu la risasi. Mwaka 1954 akalikabidhi kwa ukoo.

Je, ni lenyewe? Wasomi wameandika mashaka yao, na wameandika pia faida aliyoipata gavana wa kikoloni kwa sherehe ile, Wahehe wakimpigia vigelegele. Mzee mmoja jirani yangu hataki kabisa kusikia mazungumzo hayo, na simlaumu; heshima inayotolewa pale Kalenga haisubiri vipimo. Lakini anayetaka kuandika, au kuongoza wageni, lazima ajue kwamba swali lipo na limewekwa wazi.

Wapo wanaosema upande mwingine: "Vyote viliandikwa na Wazungu, tupa kule." Nao wanakosa. Alison Redmayne, ambaye makala yake kuhusu Mkwawa na vita vya Wahehe ilitoka mwaka 1968, alikaa na wazee wa Uhehe akawasikiliza, kisha akayaweka maneno yao kando ya nyaraka za Wajerumani. Prince yeye aliandika kama mwanajeshi anayejisimulia ushindi wake. Wote Wazungu, lakini ukiwaweka kwenye kapu moja utakuwa hujasoma hata mmoja.

"Faharasa na tanbihi ni za maprofesa"

Kijana wangu alitafuta "Mkwawa" kwenye faharasa, ile orodha ya majina na kurasa zake mwishoni, ya kitabu kingine nilichonacho, hakumwona, akataka kukirudisha. Nikamwambia tafuta herufi Q. Alikuwepo: Quawa. Wajerumani wengi walimwandika hivyo.

"Wasifu wa msanii lazima uwe na kila kitu cha msanii"

Dada mmoja anayeimba kwaya alinunua kwangu Wasifu wa Siti binti Saad, akarudi baada ya siku tatu amenuna. Alitaka majina ya santuri, mwaka gani aliimba wapi, nani alipiga fidla. "Huyu Shaaban Robert ananipa mawaidha, mwalimu!"

Ni kweli anatoa mawaidha. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, kwenye miaka ya 1880, akafariki mwaka 1950. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi, na sauti yake ikauzwa pwani yote ya Afrika Mashariki. Wasifu ulitoka mwaka 1958, yeye akiwa kaburini miaka minane. Shaaban Robert alikuwa mwandishi wa insha na maadili, na mwanamke fukara aliyepanda hadi kuheshimiwa na masultani alikuwa mfano alioutafuta. Aliandika ili msomaji afanane naye. Habari za santuri na kampuni zilikuja kufukuliwa na watafiti wa miaka ya baadaye, na hao nao hawana Kiswahili kile. Nilimshauri dada asikirudishe, bali akisome kama kazi ya msanii mmoja juu ya msanii mwingine. Alikibakisha, ingawa bado ananidai fidla.

"Huku kwetu hakukuandikwa watu, yaliandikwa makabila"

Hii naisikia zaidi kwa wateja wanaotoka Mbeya, na ina ukweli ndani yake. Good Company ya Monica Wilson, ya mwaka 1951, inahusu vijiji vya rika vya Wanyakyusa, ambako watu wa umri mmoja walijenga pamoja. Ni kitabu kikubwa, lakini ukitafuta maisha ya mtu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho utachoka. Ila Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Moravian aliyeishi Usafwa, huko huko Mbeya, pamoja na juzuu zake tatu za Kijerumani kuhusu Wasafwa, zilizotoka kati ya 1926 na 1929, aliandika pia maisha ya watu kama walivyoyasimulia wenyewe. Mmoja wao ni Bibi Narwimba, aliyepita katika vita na utumwa wa mwisho wa karne ya 19 akiwa na watoto mgongoni. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright aliyarudisha masimulizi hayo katika kitabu cha Kiingereza, pamoja na maelezo ya namna yalivyopokelewa na kuandikwa. Hapo kuchapa upya kumefanya kazi yake: bibi wa kando ya mpaka wa Zambia anasomwa vyuoni kwa jina lake.

Bado hatuna Narwimba kwa Kiswahili kwenye meza yangu. Wanaouliza ni wengi kuliko mnavyodhani.

Yule muongoza watalii hakupata fedha yake; muuzaji wa mtandaoni alimjibu kwamba kitabu ni "halisi", na kusema kweli ni halisi. Tulikaa naye kwenye benchi, simu yake ikitafsiri kwa kukwamakwama, hadi tukafika mahali Prince anaposimulia kuvamia ngome. "Sasa hii Iringa ni ile ya Kalenga," akasema mwenyewe, kabla sijafungua mdomo. Akaniomba penseli. Akafungua ukurasa wa jina, akageuza nyuma yake palipokuwa patupu, akaandika kwa mwandiko mdogo: 1914.