Safari ya Baiskeli ya Kujitegemea ni Ipi Hasa?

Siku hizi kila aliyevuka jangwa au milima ya ugenini kwa baiskeli huambiwa amevuka "kwa kujitegemea", hata yule ambaye video yake nzima imepigwa kutoka dirisha la gari lililokuwa likimfuata.

Maana yenyewe ni fupi. Anayejitegemea hana mtu aliyepangwa kumhudumia njiani. Mzigo wake, kuanzia hema hadi viraka vya tyubu, umo kwenye baiskeli. Akipungukiwa, hutumia kile ambacho mpita njia mwingine yeyote angekipata mahali hapo: duka, kisima, fundi, nyumba ya wageni.

Suala la gari halina utata mkubwa. Njia ya Pamir, huko Tajikistan, hupanda hadi mita 4,655 kwenye kipito cha Ak-Baital, na gari la nyuma halimwongezei mtu pumzi hata kidogo. Linachobeba ni chakula, maji, nguo za baridi na, zaidi ya yote, wasiwasi. Kwenye uwanda wa chumvi wa Uyuni, Bolivia, wenye zaidi ya kilomita za mraba 10,000, asiye na gari lazima aamue kabla hajaingia atabeba lita ngapi za maji, maana chumvi haina kisima cha kumwokoa. Mwenye gari hana haja ya hesabu hiyo.

Linaloniudhi zaidi linatoka upande wa pili, kwa wale wakali wanaosema ukinunua mkate dukani umeshaharibu, au mkiwa wawili hamjitegemei tena. Kuwa peke yako ni jambo jingine kabisa. Wawili wanaogawana jiko na pampu, bila mtu wa tatu wa kuwahudumia, wanajitegemea. Mmoja anayesafiri na mpishi garini hajitegemei, hata kama ndiye pekee anayekanyaga pedali. Transcontinental, mashindano ya kuvuka Ulaya yaliyoanza 2013, yana kundi la wawili wawili. Kanuni zake hukataza msaada wa mtu wa pembeni, hukataza hata kujikinga upepo nyuma ya mshindani mwingine, lakini dukani unaingia na hotelini unalala. Kipimo ni kama huduma hiyo iko wazi kwa kila mtu.

Nadhani ukali huo umeazimwa kwa watu wa safari za ncha za dunia. Kule, kusafiri bila msaada ni kuvuta chakula chako chote tangu mwanzo, na ukiletewa shehena njiani hesabu imebadilika. Kwenye barafu kipimo hicho kina mantiki, kwa kuwa hakuna duka. Baiskeli hupita wanakoishi watu. Chukua Canning Stock Route ya Australia, njia ya mchanga ya kilomita zipatazo 1,850. Katikati yake kuna kijiji cha Kunawarritji chenye duka. Anayenunua unga pale anajitegemea. Ambaye rafiki yake alitangulia na gari kumfichia makopo kichakani hajitegemei, ingawa hakuonana na mtu yeyote siku hiyo.

Na ukarimu je? Thomas Stevens, aliyeondoka San Francisco mwaka 1884 kwa baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele na kufika Yokohama Desemba 1886, alikaa Tehran majira ya baridi akiwa mgeni wa Shah, mfalme wa Uajemi. Sidhani kuna atakayemnyang'anya sifa kwa hilo. Chai unayokaribishwa na mtu usiyemjua haikupangwa; huwezi kuitegemea kesho. (Kanuni za mashindano hutofautiana kidogo hapa, kwa hiyo anayeshindana asome za kwake.)

Tofauti hii inaharibu hata ulinganisho wa namba. Mark Beaumont alizunguka dunia kwa baiskeli mwaka 2017 kwa siku 78 na saa kadhaa, akiwa na timu na magari. Mwaka uliofuata Jenny Graham alianzia na kumalizia Berlin kwa siku 124, bila timu, akibeba vitu vyake na mara nyingine akilala kando ya barabara. Kuziweka 78 na 124 kwenye safu moja bila maelezo ni kuwaonea wote wawili, maana Beaumont hakuwahi kuificha timu yake, na yeye mwenyewe alishazunguka mwaka 2008 bila timu, kwa siku 194.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa maelezo ya picha, aliyevuka Altiplano, uwanda wa juu wa milima ya Andes, na gari lenye maji nyuma yake mwandikie tu kwamba amevuka "akisindikizwa na gari". Kilomita zake zote zinabaki palepale.