Picha ikiwa kwenye asilimia 15, usiihukumu: zumu na kutoshea dirisha kwa wanaohariri picha

Tuchukue picha ya mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, imepigwa kwa kamera ya megapikseli 24 iliyosimamishwa wima. Faili lake lina pikseli, yaani vinukta vya rangi vinavyounda picha, 4000 kwa upana na 6000 kwa urefu. Skrini nyingi tunazofanyia kazi zina pikseli 1920 kwa 1080, na ukitoa paneli za pembeni na menyu ya juu, eneo linalobaki la kuwekea picha ni kama 1400 kwa 900. Mlango mzima hauenei hapo, kwa hiyo programu inafanya hesabu yake kimya kimya: 1400 gawa kwa 4000 ni asilimia 35, 900 gawa kwa 6000 ni asilimia 15. Inachukua iliyo ndogo iwe zumu, yaani kiwango cha kukuza au kupunguza picha machoni, na mlango unauona wote kutoka kizingiti cha juu mpaka chini, umekaa katikati ya dirisha kwa ukubwa wa pikseli 600 kwa 900, kushoto na kulia pamebaki wazi.

Hiyo ndiyo kazi ya amri ya kutoshea. Kwenye programu mbili za kuhariri picha tutakazozitumia hapa, Photoshop ni Ctrl+0, na GIMP ni Shift+Ctrl+J. Ile 0 ni sifuri. Ukibonyeza herufi O, utafunguliwa dirisha la kuchagua faili, na wanafunzi wengi hukwama hapo wakidhani kompyuta imeharibika. Kwenye Photoshop kuna njia ya mkato nyengine: bofya mara mbili alama ya mkono kwenye upau wa zana na picha itatoshea, bofya mara mbili alama ya kioo cha kukuzia na itakwenda asilimia 100.

GIMP ina amri ya pili inayofanana kwa jina lakini matokeo yake ni tofauti, nayo ni ya kujaza dirisha, Fill Window. Hii huchukua ile asilimia kubwa, 35 kwa mfano wetu. Upana wote wa mlango unaonekana bila nafasi tupu pembeni, lakini urefu sasa ni pikseli 2100 ndani ya dirisha la 900, yaani zaidi ya nusu ya mlango imejificha juu na chini. Picha haijakatwa. Shikilia kitufe cha nafasi, sogeza kipanya, na sehemu zilizojificha zitakuja. Ya tatu ni Ctrl+J, Shrink Wrap, ambayo haigusi zumu kabisa: inalipunguza au kulipanua dirisha lenyewe lilingane na picha. Hii ina maana tu ukiwa unatumia GIMP ya madirisha mengi, ambapo kila picha ina dirisha lake. Ukiwa kwenye dirisha moja, iache.

Sasa jambo ninalotaka lishikwe vizuri kuliko yote. Kwenye asilimia 15, kila nukta moja ya skrini inawakilisha pikseli kama 44 za picha zilizochanganywa pamoja. Chengachenga, zile punje punje za picha iliyopigwa gizani, zinafichika ndani ya mchanganyiko huo, na picha iliyotikisika kidogo inaonekana kali. Kwa hiyo ukali, chengachenga na madoa ya vumbi vyote vinakaguliwa kwenye asilimia 100, ambapo pikseli moja ya picha ni nukta moja ya skrini. Photoshop ni Ctrl+1, GIMP ni kubonyeza 1 peke yake. Hapo utaona kama sehemu moja tu kati ya 19 za picha kwa wakati mmoja, basi anza pembe ya juu kushoto, shuka kwa mpango, usirukeruke. Kwa mlango, angalia maandishi ya kwenye kizingiti, kisha misumari ya shaba, kisha mfaa, ule mti wa wima wa katikati. Kama misumari ina ukingo safi, picha iko sawa.

Kinyume chake nacho ni kosa. Rangi na mwanga wa jumla usivipime kwenye asilimia 100, kwa sababu unaangalia kipande. Vipime picha ikiwa imetoshea. Na kusafisha uso kwenye asilimia 300 au 400 ndiko kunakotoa bi harusi mwenye ngozi ya plastiki. Kila kitundu unakiona kikubwa kama sahani, unafuta, unafuta, ukirudi nyuma uso hauna uhai. Mikononi ni vibaya zaidi: mistari myembamba ya piko na hina hufutika kidogo kidogo bila wewe kujua. Nashauri ngozi ifanyiwe kazi kati ya asilimia 50 na 100, na usivuke hapo ila kwa kufuta kitu kimoja mahususi, kama uzi uliotokeza kwenye mtandio. Kumbuka pia kwamba brashi hupimwa kwa pikseli za picha. Brashi ya 40 kwenye asilimia 15 ni kiduara cha nukta 6 tu machoni pako, na kwenye 100 ni cha 40. Ukubwa wake ni ule ule.

Asilimia za katikati zina udhia wao. Kikoi chenye mistari myembamba au mkeka uliosukwa, ukiutazama kwenye 33 au 66.7, unaweza kuonyesha mawimbi na vivuli vya ajabu ambavyo havimo kwenye faili. Skrini inashindwa kugawa mistari sawasawa. Kabla hujaanza kurekebisha, nenda 100. Mawimbi yakitoweka, hapana kosa. Yakibaki, yalitoka na kamera na hapo ndipo pa kufanya kazi. Kwa ukaguzi wa haraka, 50 na 25 ni salama zaidi kuliko hizo za katikati.

Hata hivyo 33 ina faida moja kwa wachapishaji. Kompyuta ya mapajani ya inchi 15.6 yenye skrini ya 1366 kwa 768 ina nukta kama 100 kwa inchi. Picha inayokwenda kuchapishwa kwa pikseli 300 kwa inchi, ukiiweka kwenye asilimia 33.3, inatokea kwenye skrini kwa ukubwa ule ule wa karatasi. Hakikisha kwa rula: A4 yenye upana wa pikseli 2480 itapima karibu sentimita 21. Kwenye skrini mpya zenye nukta nyingi mno hesabu inabadilika, na 100 yenyewe huonekana ndogo. Huko kuongeza ukali kwa macho kunahitaji hadhari, maana utazidisha.

Madhara makubwa hutokea mtu anapochanganya zumu na kubadilisha ukubwa wa picha. Zumu haigusi faili hata kidogo. Amri ya Scale Image kwenye GIMP, au Image Size kwenye Photoshop, inagusa. Aliyetaka tu kuuona mlango wote, akapunguza mpaka 600 kwa 900 kisha akahifadhi juu ya faili la asili, amepoteza pikseli zaidi ya milioni 23. Ukigundua kabla ya kufunga, Ctrl+Z. Ukishafunga, hapana la kufanya ila kurudi kwenye kadi ya kamera. Kupiga picha ya skrini na kuipeleka kwa mchapishaji kunaleta hasara ile ile. Bango la upana wa mita moja kutoka faili la asili linapata pikseli kama 102 kwa inchi, linasomeka vizuri. Kutoka picha ya skrini linapata 15, na vijisanduku vinaonekana wazi.

Kuna njia inayoondoa nusu ya kupanda na kushuka huku: fungua picha moja kwenye madirisha mawili. GIMP ni menyu ya View, kisha New View. Photoshop ni Window, Arrange, halafu New Window yenye jina la faili lako. Dirisha moja liache limetoshea, jengine liweke 100. Unafuta doa kwenye msumari huku, na kule unaona papo hapo kama mlango umebaki mlango.